Kipande Chenye Jina la Jedida

Matsangoni,
30 Machi 2025

Bibi arusi wangu Jedida,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba unakula chakula kilichopikwa jikoni, si hicho cha kumwagiwa maji ya moto kwenye kikombe. Sisi tupo. Mvua haijaja. Jirani yetu Kalama amekwisha kupanda mahindi kwa kuyaamini mawingu. Mimi sijapanda, kwa sababu nimewahi kuyaamini. Nguchiro wamekula kuku watatu. Mguu wangu wa kushoto ni uleule. Masikio ndiyo yamezidi kuziba, na hiyo ndiyo sababu bado nakuandikia kama watu wa zamani. Simu ya hapa ni ya nyumba nzima, nami nikizungumza humo hawana budi kuiweka sauti ya juu, na siri zetu husikika hadi kituoni kwa wanaongoja gari la Watamu.

Sasa habari yenyewe. Cucu yako alipasuliwa Mombasa tarehe kumi na mbili, kama ulivyoambiwa. Titi la kushoto limeondolewa lote. Tezi za kwapani zilizotolewa ni kumi na moja, na tatu zilikuwa na saratani. Alirudi nyumbani siku ya tano, akaomba chai, akasema nimeunguza sufuria yake. Ni kweli.

Kuanzia Aprili 14 atawekewa dripu Malindi, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Nilimwuliza daktari: ikiwa uvimbe umeshatolewa, tutajuaje kwamba dawa inafanya kazi? Akanijibu kwa upole kwamba hatutajua. Tutaona tu kama ugonjwa utarudi au hautarudi. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, kwanza Molo na baadaye huku tulikokimbilia wakati wa machafuko, na sijawahi kumpa mtoto mtihani wa namna hiyo.

Jambo moja. Kabla ya upasuaji karani alileta fomu. Nilimsomea Cucu mwenyewe, kwa kuwa macho yake yana ukungu na hasomi tena, naye akatia sahihi. Ilisema kipande cha uvimbe kitapelekwa Nairobi, kioteshwe nje ya mwili, kijaribiwe dawa. Nikakukumbuka. Je, ni kazi yenu hiyo?

Nyanya yako anakusalimu. "Mwambie Mimi ale," ndivyo asemavyo. Miaka ishirini na tisa umebeba jina lake na hajachoka kukuita Mimi, wala mimi babu yako kukuita bibi arusi. Pola, mke wa Kalama, anasema Wagiriama nao hurithisha majina ya nyanya, lakini hawajawahi kuoa wajukuu kwa barua.

Guka wako,
Dedan Gachanja


Nairobi,
20 Aprili 2025

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Pasaka njema kwenu nyote, ingawa itakuwa imepita barua hii ikifika. Nilihudhuria ibada ya asubuhi kisha nikaja kazini, kwa sababu ninavyovilea havijui sikukuu. Mumbua, ninayekaa naye, amenipikia mbuzi, kwa hiyo mwambie Cucu nimekula. Nilifurahi kusikia habari ya sufuria. Anayegombania sufuria hajakata tamaa. Lakini nilipopiga simu baada ya dripu ya kwanza, alisema hajambo kwa sauti ya mtu aliyefumba macho.

Ndiyo, hiyo ni kazi yetu. Uliwahi kuniuliza nikakujibu kwa haraka. Leo nina muda. Zamani watafiti walizilaza chembe za saratani chini ya sahani ya plastiki, nazo zikajitandaza kama mkeka. Ukimwaga dawa juu ya mkeka inazifikia chembe zote kwa pamoja, zinakufa kwa wingi, na watu wanashangilia. Kisha dawa hiyohiyo hupewa mgonjwa isifanye lolote. Uvimbe si mkeka, Guka. Una unene, una nje na ndani. Chembe za katikati hazipati hewa vizuri, zimesinzia, na dawa inazifikia ikiwa imekwisha nguvu.

Kwa hiyo sisi tunakikatakata kipande kwa wembe hadi kiwe kama chenga za mchele, tunakilainisha, tunakichanganya na jeli iliyokaa kwenye barafu. Jeli hii ni kinyume cha zile za nyumbani: ikipata joto la mwili ndipo huganda. Tunaidondosha tone tone, tunayaweka matone katika kabati la joto. Baada ya wiki mbili hivi, ukiangalia kwa hadubini, unaona vitufe vidogo kuliko punje ya chumvi. Tunavibadilishia maji yao ya chakula kila siku ya tatu. Vikishakomaa tunavitia dawa ileile ya wagonjwa, tunahesabu vilivyokufa na vilivyo hai. Sehemu ya kila kipande tunaigandisha na kuiweka akiba.

Kuhusu kipande cha Cucu: vipande hutujia kwa namba, bila majina. Ndivyo fomu inavyomwahidi mgonjwa. Basi sina la kukuambia.

Wako,
Jedida


Matsangoni,
18 Mei 2025

Bibi arusi,

Barua yako ilikaa siku tisa katika ofisi ya mizigo ya basi kwa sababu mwenye ufunguo alikwenda matangani Adu. Nimeisoma mara mbili kwa raha, hasa habari ya mkeka. Mvua imekuja, ikaua mahindi ya kwanza ya Kalama na kuotesha ya pili. Kanisa limepata mabati. Njoroge wa dukani amefunga duka na kurudi bara. Sasa tuliobaki hapa kutoka kule juu tunaweza kukaa benchi moja.

Dripu ya pili ilikuwa tarehe tano. Nywele zimeanguka zote, Pola akazimaliza kwa wembe, wanawake wawili wakicheka jikoni kama wasichana. Kucheka kuliishia hapo. Mdomo una vidonda hadi kooni. Anachoweza kumeza ni uji uliopoa. Februari alikuwa na kilo sitini na moja. Jumatano alikuwa na hamsini na nne. Kucha zimekuwa nyeusi. Hutapika siku nne mfululizo baada ya dripu, kisha hulala siku tano, kisha kwa wiki moja tunampata mwenyewe, halafu tarehe inafika tena.

Kalama, kwa nia njema, alitaja mganga fulani Vitengeni. Cucu alimwambia, "Kalama mwanangu, huyo si ndiye aliyemtibu baba yako upara?" Kalama akaenda zake akicheka. Lakini Kalama alipoondoka Cucu aliniambia, bila kunitazama, kwamba ataenda ile ya tatu kisha ataona. Nimekaa na mama huyu miaka hamsini na miwili. Akisema ataona, amekwisha kuona. Akaongeza: "Nimekimbia mara moja katika maisha yangu, Dedan. Sina mbio nyingine."

Sasa nakuuliza waziwazi: kipande chake kiko kwako? Uliniandikia kwamba vipande huja kwa namba. Hukuandika kwamba hujui. Nimesahihisha insha nyingi mno hata siwezi kukosa kumtambua mwanafunzi anayejibu swali lisiloulizwa. Kama dawa hii inamsaidia, nitambembeleza hadi ya sita. Kama haimsaidii, namtesa bure. Niambie unachojua.

Guka wako


Nairobi,
15 Juni 2025

Guka,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kumekuwa na baridi kali. Mumbua amepata kazi Thika na atahama mwisho wa mwezi. Nimekawia kukujibu, na sikukawia kwa sababu ya kazi.

Kipande cha Cucu kiko hapa. Kilifika Machi 13. Kila kipande huja katika boksi la barafu, chupa ikiwa na namba tu. Karani wa hospitali alikopasuliwa aliandika namba kwenye chupa kama ilivyotakiwa, halafu juu ya boksi, kwa kalamu nene, akaandika jina la mgonjwa. Mpokeaji wetu alipolisoma akaita, "Jedida, mzigo wako." Hakuna aliyeshtuka. Ni jina langu; uliniandikisha shule kwa jina lako baba alipofariki, na la kwanza ni la Cucu. Nilifungua nikidhani ni jeli niliyoagiza. Lingekuwa jina la mtu mwingine yeyote, tungejua papo hapo kuna kosa, na msimamizi wetu, Dakta Moraa, angeamuru kipande kitupwe. Jina langu juu ya boksi halikuonekana kosa kwa mtu yeyote isipokuwa mimi.

Nilibandua karatasi ile nikanyamaza. Nilipokuandikia Aprili nilikuwa nimeshavilea vitufe vyake kwa mwezi na zaidi. Ni namba arobaini na moja. Vimekua vizuri kuliko vyote nilivyowahi kulea, na nilijivunia, Mungu anisamehe, kana kwamba ni yeye anayenenepa.

Mwezi uliopita tulivitia dawa ile anayowekewa. Katika vipande vya wagonjwa wengine dawa hiyo iliua vitufe saba au vinane katika kila kumi. Katika vyake iliua kimoja. Nilirudia. Iliua kimoja.

Matokeo yetu hayaruhusiwi kumwongoza daktari wala mgonjwa. Bado ni utafiti, na kamati ya maadili ina sababu zake, nami nilisaini kuzikubali. Ikijulikana nimekuandikia haya nitaondolewa. Sikuambii aache. Nakuambia nilichokiona kwa macho yangu. Msomee, au mwambie kwa maneno yako, kisha uichome barua hii.

Jedida


Matsangoni,
20 Julai 2025

Jedida,

Tunakusalimu. Barua yako ilifika tarehe 23 mwezi uliopita. Mahindi ya Kalama yamebeba. Tumevuna mbaazi debe moja na nusu. Mwenye ufunguo wa ofisi ya mizigo amepewa kazi nyingine, sasa kuna msichana mwenye adabu. Mabati ya kanisa yanavuja penye misumari.

Cucu yupo. Anasema ule.

Mguu unanisumbua nikikaa kuandika muda mrefu, kwa hiyo nitaishia hapa.

D. Gachanja


Nairobi,
3 Agosti 2025

Guka,

Shikamoo. Mimi ni mzima, chumba ni kikubwa mno bila Mumbua.

Nimeisoma barua yako ya mbaazi. Nimetafuta ndani yake neno moja nisilipate. Ulimsomea? Nilipomwuliza kwenye simu kama bado anakwenda Malindi, alisema Mungu yupo, akaniuliza nimekula nini. Nikimwuliza zaidi najua nitasema yote, na Pola na Kalama na walio kituoni watasikia.

Nachukua kimya chako kuwa jibu: kwamba ameacha, nanyi hamtaki kunitwika. Kama ndivyo, hewala. Lakini niandikie.

Jedida


Nairobi,
14 Septemba 2025

Guka,

Salamu kwa nyumba yote. Wiki nane hujaniandikia, nami sina habari za kujaza mstari wa kwanza. Nitasema moja kwa moja.

Nilikosea.

Kila mwisho wa awamu, vitufe vya kila namba hupimwa upya kwenye mashine inayosoma urithi wa chembe, kuhakikisha ni vya uvimbe uliotoka mwilini. Majibu yalikuja Ijumaa ya wiki iliyopita. Vitufe vya namba arobaini na moja si saratani. Ni chembe nzima za titi, za ile nyama ya pembeni isiyo na ugonjwa ambayo hukatwa pamoja na uvimbe. Hili hutokea. Tukizichanganya, mara nyingine zile nzima huchipuka kwa urahisi kuliko zinazoumwa, zikazisonga, na mleaji asiyeangalia hulea kitu kingine. Dawa ile huziwinda zaidi chembe zinazogawanyika kwa pupa. Hizi hazikuwa na pupa. Ndiyo maana hazikufa.

Dakta Moraa aliweka mezani picha za vitufe nilizopiga tangu Aprili. Akaniuliza kwa upole, "Jedida, hivi unaonaje?" Vya saratani huwa vimejaa hadi katikati. Vya Cucu vilikuwa na uwazi ndani, kama shanga, karibu vyote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza. Mimi mwenyewe vingekuwa vya mtu nisiyemjua ningeuliza. Nilikuwa nikifurahi tu kwamba vinakua.

Nikamweleza yote, boksi, jina, na barua niliyokuandikia. Hakunifokea. Alizungusha kifuniko cha kalamu, kisha akasema yeye mwenyewe ataiandikia kamati. Nimeondolewa kwenye vipande vya wagonjwa. Sasa kazi yangu ni kupokea jeli na glavu na kuzipanga rafuni. Nashukuru hata hiyo.

Kwa hiyo dawa ya Cucu huenda ilikuwa ikifanya kazi yake wakati wote. Huenda haikuwa. Vitufe vyangu havikusema chochote juu ya hilo, na nilikuambia vimesema. Nimehesabu tarehe. Kama aliacha ulipopata barua yangu, alikosa mbili. Guka, aliacha lini? Dakta Moraa anasema daktari wake ajulishwe mara moja, pengine inawezekana kuendelea.

Nimeambatanisha fomu. Fomu ya kwanza ilimwahidi kwamba hatutamjua, nasi tumeivunja ahadi hiyo. Kipande kilichobaki kiko kwenye ubaridi. Wanataka kumwuliza upya kama kitupwe, au kioteshwe tena na mtu mwingine asiyemjua. Tafadhali msomee.

Jedida


Matsangoni,
5 Oktoba 2025

Jedida,

Tunakusalimu sote, na wote ni hai. Nalitanguliza hilo ili uweze kupumua.

Hakuacha. Alimaliza dripu ya sita Julai 28. Alikuwa na kilo arobaini na tisa siku hiyo. Sasa ana hamsini na mbili, na nywele zimeanza kutoka, fupi na laini.

Sikumsomea barua yako ya Juni. Usije ukaniandikia kwamba nilikuwa na busara, wala usimwambie yeyote hivyo, kwa sababu niliiamini barua ile neno kwa neno. Niliamini kwamba dawa haimfai. Nilijua nikimsomea ataacha siku hiyohiyo, tena kwa furaha. Nikaitia katikati ya kamusi, nikairudisha rafuni. Kisha nikambembeleza kwenda ya tano, nikambembeleza kwenda ya sita. Nilishika beseni, nikamfuta mdomo, huku nikiamini kwamba ninamtesa bure. Nimejiuliza sababu kwa miezi mitatu na nimepata moja tu. Nyumba yenye tarehe ya dripu ukutani ilikuwa na kesho. Sikuweza kukaa katika nyumba isiyo nayo. Hiyo si sababu yake, ni yangu. Ikiwa ilimfaa, imemfaa kwa bahati.

Barua yako ya Septemba ilipofika nilikaa nayo siku nne. Jana baada ya chakula nikamsomea. Sikuanza na hiyo. Nilitoa zote, zako nilizozificha na zangu ninazonakili katika daftari, nikasoma kwa mpangilio wa tarehe. Pola alikuwepo, wakipepeta mbaazi pamoja; akataka kuinuka, Cucu akamwambia kaa. Nilisoma hadi watoto wa shule ya Jumamosi walipopita barabarani wakirudi kwao. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliomba ile ya Juni tena. Nikairudia.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Ndani ya kamusi."

"Na mimi nikitapika, wewe umeshika beseni, na kamusi iko pale?"

Nikasema ndiyo.

Akapepeta kidogo. Kisha akamgeukia Pola, si mimi. "Huyu alinileta huku mwaka wa tisini na mbili akaniambia ni muhula mmoja. Niliacha maziwa kwenye kibuyu, nikijua yatakuwa yameganda vizuri tukirudi. Alikuwa ameshaandika barua ya kuhamishwa kabla hatujapanda gari. Niliijua miaka sita baadaye, tena kwa mtu mwingine."

Pola alitazama ungo. Mimi nilitazama ukuta. Ni kweli, na sikuwahi kujua kwamba anajua.

Halafu akaniambia nichukue kalamu. Ameniagiza niandike kama anavyosema, nisisahihishe chochote, na Pola amesimama nyuma ya bega langu kuhakikisha. Haya ni maneno yake:

"Jedida. Leo sikuiti Mimi. Nimesikia barua zako zote na za huyu. Mmeandikiana miezi saba juu ya kifua changu na mimi niko hapa hapa nachambua mbaazi. Mtu asiyeona si mtu asiyesikia.

"Nataka ujue jambo. Ungeniambia mimi mwezi wa sita kwamba dawa haifanyi kazi, ningeacha. Nilikuwa nimechoka kuliko mnavyojua. Ningeacha nikalala siku hiyo kama mtoto. Na sasa unasema ingekuwa makosa. Sawa. Yangekuwa makosa yangu. Huyu alinizuia nisikosee na wewe ulitaka kunikosesha, na hakuna aliyeniuliza hata mmoja. Jina nilikupa mwenyewe, tena kwa moyo. Mwili sikukupa.

"Sikukasirikii kwa kukosea. Umekosea ukipenda, na mimi nimeunguza vitu vingi nikipenda. Nakukasirikia kwa ile karatasi uliyobandua. Pale ndipo ungesema, huyu ni nyanya yangu, mwiteni aulizwe.

"Fomu sijaitia sahihi. Siikatai. Lakini ya kwanza nilisomewa na Dedan, na sasa sijui alisoma nini na aliruka nini. Huyo Dakta Moraa amtume mtu mwingine aje Matsangoni, anisomee kila mstari nimekaa kitini, nami nitamwuliza maswali yangu. Nina manne. Akinijibu vizuri kipande ni chao, wakioteshe. Akishindwa wakitupe. Na kitakachoonekana humo, kizuri au kibaya, niambiwe mimi kwanza, au asiambiwe mtu.

"Daktari wa Malindi ataniona Novemba. Nimeshamwambia Kalama atanipeleka yeye. Dedan abaki alishe kuku.

"Njoo Krismasi. Utalala chumba chako. Tutagombana siku moja halafu tutapika.

"Usimwandikie tena huyu habari zangu. Niandikie mimi. Andika jina langu juu ya bahasha, na chini yake uandike, kwa mkono wa Pola Kalama. Pola anafundisha chekechea, anasoma vizuri, na hana kamusi. Ndiye atakayenisomea."

Nilimwuliza kama naweza kuongeza neno langu chini. Amesema barua imekwisha.